Pijo la Kijani

Ukiwa na ndugu mwenye pesa kidogo na wazo kubwa, mwenzangu, utazeeka kabla ya siku zako. Wangu alinipigia simu asubuhi nikiwa nachambua maharagwe hapa kwangu Voi, jua halijakolea bado, na magoti yangu yakiwa yamekwisha kuniarifu kwamba leo hayataki safari. "Dada, kuja gereji," akasema. "Gari ya baba imefika. Tunaanza kuifungua leo, na wewe ndio unaikumbuka."

Nikaenda. Mimi ni mtu wa kuitwa nikaenda, na tabia hiyo ndiyo iliyonichosha maisha yangu yote. Gereji yenyewe iko ng'ambo ya barabara kuu, kiwanja cha vumbi jekundu kilichozungushiwa mabati, na fundi wake ni Mkamba mmoja mpole anayeongea akiwa chini ya magari, hata ukamzoea kwa miguu kabla hujamzoea kwa uso. Katikati ya kiwanja lilisimama pijo la baba, limeletwa juu ya lori kutoka milimani. Kuku walikuwa wametaga ndani yake miaka nenda miaka rudi. Tairi zilikuwa zimeoza. Lakini ile rangi ya kijani ilikuwepo bado, imepauka, na nilipoiona nilikaa juu ya debe bila kukaribishwa, kwa sababu ghafla nilijiona mtoto.

Ngoja nikueleze kwanza kwa nini gari lilinyang'anywa kuku. Mama yetu anaishi peke yake nyumbani, huko juu, ukishapita Wundanyi, na macho yake yamezibwa na mtoto wa jicho. La kushoto lilikuwa limekwisha kwenda. La kulia, alisema daktari aliyekuja kanisani kupima watu, lingeokoka iwapo mama angeshuka Voi apasuliwe bila kukawia. Mama akakataa. Si kwamba aliogopa kisu. Baba alishuka Voi akiwa anaumwa, ndani ya gari la kukodi, akarudi ndani ya sanduku, na tangu siku hiyo mama alikuwa na neno moja tu: "Nikishuka, nitashuka na gari ya baba yenu. Ya kukodi sipandi." Tulimbembeleza. Mchungaji akaja. Jirani mwenye teksi akajitolea bure. Mama aliwapa wote chai, akawasindikiza hadi njiani huku akipapasa ua kwa mkono, na neno lake likabaki lile lile.

Mimi niliona njia ni fupi. Amsha injini, tia breki, tia tairi, kamlete mama. Ndugu yangu hakuona hivyo. Yeye ni kitinda mimba. Alipozaliwa, pijo lilikuwa limeanza kuchoka, na alipopata akili lilikuwa juu ya mawe nyuma ya nyumba, kwa hiyo alichoendesha yeye ni usukani usiokwenda popote, akinguruma kwa mdomo. Sasa ana kazi Nairobi, na huko amekutana na watu wanaorudisha magari ya zamani kama yalivyotoka kiwandani, kila skrubu mahali pake, wanakusanyika Jumapili kufunguliana boneti na kusifiana. "Kama ni kufanya, tufanye poa," aliniambia. "Mama aione kama ile siku baba alileta." Nikamkumbusha kwamba siku baba alipolileta halikuwa jipya, alilinunua kwa meneja wa shamba la mkonge, mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. "Ndio hiyo, dada. Irudi orijino kabisa." Alikuwa na furaha nyingi, na mimi sikuwa na nguvu ya kubishana na furaha ya mtu.

Basi kazi yangu ikawa hii. Fundi anafungua kitu, anakiinua, ananiuliza, "Mathe, hii ilikuja nayo ama ni nyinyi mliweka?" Picha za kwenye simu ya ndugu yangu hazikutosha, maana magari ya zama zile yaliyoletwa huku kwetu hayakufanana yote, na mwenye kumbukumbu nilibaki mimi. Nikisema tuliweka, kitu kinatupwa kwenye rundo kando ya mabati. Nikisema sijui, kinapigwa msasa na kurudishwa. Ilinichukua muda kutambua ninachokifanya pale juu ya debe. Kila nilichokikumbuka kilikuwa kinatupwa, na kilichobaki ndani ya gari ni kile nisichokuwa na habari nacho.

Walianzia chini, kwenye springi. Fundi hakuhitaji hata kuniuliza. "Hizi ni za lori!" akasema kutoka chini, akicheka peke yake. Kweli zilikuwa za lori. Baba alibeba kabichi na karoti za milimani akazishusha soko la Voi, na siku nyingine alivuka mbuga mpaka Taveta akarudi na mikungu ya ndizi, vitunguu, au maharagwe ya Njukini. Springi zilizokuja na gari zililala chali mwezi wa kwanza. Akaongeza vyuma. Likiwa tupu, pijo lilisimama matako juu kama mbuzi anayekunywa maji mtoni, na watoto wenzetu wakatucheka hadi tukaona haya kupitishwa mbele ya shule. Likijaa, lilikaa sawasawa kuliko gari lolote barabarani. Baba alizoea kusema gari ni kama mtu, mpe mzigo ndipo ulione umbo lake.

Siku za soko niliamshwa na kabichi. Zilirushwa kutoka mkono hadi mkono, kutoka kwa mama hadi kwa baba, pu, pu, pu, na harufu ya majani yaliyokatwa karibuni iliingia dirishani pamoja na ukungu. Mama alitufungia kimanga kwenye jani la mgomba, mihogo na maharagwe vimepondwa pamoja hadi vikawa kitu kimoja, bado vya moto, na mimi nilikiweka kifuani chini ya sweta ili kinipashe mpaka Mwatate. Ukishafika Mwatate huhitaji tena kupashwa. Unateremka kutoka kwenye baridi, sikio linaziba, linazibuka, halafu mkonge unaanza pande zote mbili, safu kwa safu hadi macho yanakinai, na joto linakupokea kama shangazi asiyekuachilia mkono. Muda wote huo mama alikuwa akiimba tenzi za kanisani, tangu kona ya kwanza, naye baba akijidai kuchukizwa, huku akimwitikia.

"Na hii bao?" fundi akauliza.

Ilikuwa benchi yetu. Jirani seremala aliichonga kwa mkaratusi na kuifunga nyuma kabisa kwa boliti, ili watoto wakae mizigo ikiwa michache. Iliwaka jua likipanda, ikatuchoma mapaja, nasi tukakunja sketi na kaptura chini yetu na kulaumiana. Ndugu wawili wanaonifuata, ambao sasa wako mbali na hawapigi simu, walichora majina yao kwa msumari upande wa chini, mahali ambapo baba hakuwa na shingo ya kupaona. Nilimwomba fundi aigeuze. Majina yalikuwepo. "Tuliweka," nikasema, na benchi ikaenda kwenye rundo.

Kisha sakafu. Upande wa abiria chuma kilikuwa kimeliwa na kutu, na zamani ungeweza kuona barabara ikipita chini ya miguu yako, jambo ambalo sisi watoto tulilipenda kuliko dirisha. Mama akasema siku moja mtoto atapotea hapo. Akakunjua mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia, akaugonga kwa mchi wa kinu hadi ukalala, baba akaupigilia ribiti. Picha ya alizeti ya kwenye mkebe ilikuwa bado inaonekana. Fundi aliung'oa mkebe kwa patasi na ukatoka wote kwa pamoja, mwepesi kama jani.

Halafu akashika ule mpini. Ulikuwa mpini wa jembe, umekatwa mfupi na kufungwa kwa vyuma viwili juu ya mlango wa mbele wa abiria, umelainika mpaka unang'aa. Fundi akaniangalia. Ndugu yangu alikuwa amesimama karibu, mikono imejaa grisi ambayo hakuhitaji kuwa nayo, maana kazi haikuwa yake, lakini alitaka kuonekana ameshiriki.

"Hiyo iliwekwa kwa sababu yako," nikamwambia. "Mama akiwa na mimba yako alikuwa anatupwa huku na huku kwenye kona. Baba akamwekea pa kushika."

Alishika ule mpini, akaujaribu kama mtu anayejaribu kiatu. Nilifikiri atasema uachwe, na moyo wangu ulipiga kwa tamaa nisiyoitegemea. "Haikuja na gari, lakini," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo, kana kwamba ananiomba mimi nimruhusu. Sikumruhusu wala sikumkataza. Nilikuwa nimechoka, mwenzangu. Fundi akafungua nati.

Rangi ndiyo iliyonichoma zaidi, kwa sababu rangi nilikuwepo ikipakwa. Pijo lilikuja kwetu likiwa na rangi ya maziwa, nami nalikumbuka hivyo kidogo tu, kama ndoto ya asubuhi. Babu mzaa baba alitia maji kinywani akayapuliza juu ya boneti, akatamka maneno ya amani, maana sisi Wadawida hufanya hivyo, tunaita kutasa, kuondoa hasira mioyoni kabla ya jambo kubwa. Majirani walilizunguka. Mama hakulipanda siku zile za kwanza; alisema ana palizi. Kabla palizi haijaisha baba akarudi na makopo ya rangi ya kijani, ile ile iliyopakwa milango ya zahanati, akalipaka mwenyewe kwa brashi pale uani. Mimi nilishika kopo. Nywele za brashi zilinasa kwenye rangi, na miaka yote ungeweza kupitisha kidole kwenye mlango ukazihisi. Nilikua nikiamini ilikuwa rangi ya bure, rangi iliyobaki, na shuleni niliona aibu kwa ajili yake. Sasa mashine ya fundi iliila kwa siku mbili tatu, vumbi la kijani likatanda juu ya lile jekundu, na chini yake yakatoka maziwa. Ndugu yangu akapiga kelele ya furaha. Alimpigia simu kila mtu aliyemjua.

Miezi ikapita. Taa zilitafutwa ng'ambo. Kitambaa cha viti kilitafutwa ng'ambo, kikaja si chenyewe, kikarudishwa, tukangoja tena. Nilipopanda kumwona mama nilimkuta akimimina chai kando ya kikombe, na alipojua nimeona, alicheka akasema siku hizi meza nayo inapenda chai. Aliniuliza, "Mmefika wapi?" nikamwambia karibu. Niliporudi nilimwambia ndugu yangu kwamba jicho la mama halina habari na kitambaa. "Wiki mbili tu, dada," akasema. Alisema hivyo mara nyingi. Sikumchukia. Nilimwona akikaa ndani ya lile gari lisilo na viti, juu ya kreti la soda, ameshika usukani, na nikajua anachotafuta si cha mama peke yake. Sisi wengine tulibebwa na baba ndani yake. Yeye alibebwa mgongoni mwa mama.

Siku ilipofika tulipanda na gari kwa mama, ndugu yangu akiendesha, mimi mbele. Sina la kulikosoa. Lilikuwa zuri kweli. Liliteleza barabarani bila kugonga popote, vioo vikipanda na kushuka kwa kidole kimoja, na pale Mwatate vijana walikimbia kando yetu na simu zao wakipiga picha. "Buda, hiyo ndinga ni ya mwaka gani?" mmoja akaita. Ndugu yangu akamjibu akiwa ametabasamu hadi masikioni. Kwenye kona za mlimani mkono wangu ulipanda wenyewe kutafuta pa kushika, nikaushusha kabla hajaona.

Mama alikuwa anatungoja mlangoni, gauni la Jumapili, kitambaa kichwani, viatu vyake vyeusi vimepigwa rangi, na kifurushi cha nguo za hospitali miguuni. Jirani mwenye teksi naye alikuja kuangalia. Ndugu yangu akazima injini. Mama akaja polepole na fimbo yake, akaweka kiganja juu ya boneti, akainama mpaka lile jicho lake moja likakaribia kugusa chuma. Akakipitisha kiganja mlangoni, mbele na nyuma, mara ya pili, kama mtu anayetafuta shati kwenye kamba gizani. Akafungua mlango. Akaufunga. Akausikiliza.

"Imekuwa vile ilikuwa," akasema.

"Unaikumbuka, mama?" Ndugu yangu alikuwa karibu kulia.

"Nitaisahau aje? Nilikuwa naipanguza kila asubuhi."

Hatukuelewa. Akaegemea fimbo yake, si gari, akatueleza, bila uchungu, kama anayeeleza njia ya kwenda mahali. "Nikiwa msichana nilikuwa nafanya kazi kwa nyumba ya meneja, huko chini kwa mkonge. Kazi ya kwanza ni gari. Napanguza nje, halafu ndani, viatu nimeacha kwa veranda. Kukaa ndani, hapana. Siku nilikatwa na kisu cha jikoni, nilipelekwa zahanati na trekta, na hii ilikuwa hapo imesimama. Baba yenu alipoileta, alidhani nitafurahi. Nikamwambia siipandi. Akaniuliza, ifanywe nini ndio upande? Nikamwambia iwe ingine. Akaenda akatafuta rangi."

Jirani aliangalia milima. Nilimkumbuka baba ameinama na brashi, ulimi nje, akipaka gari zima ili mke wake aweze kukaa ndani yake, na mimi mtoto nimeshika kopo, naona haya. Nilihuzunika vibaya sana, kwa namna ambayo sijahuzunika tangu tumzike. Yale yote tuliyoyatupa kwenye rundo, springi, benchi, mkebe, mpini, ndiyo yaliyolifanya gari kuwa la baba yetu. Tulimpelekea mama gari la mtu mwingine, na tulikuwa tumelisafisha vizuri mno.

Ndugu yangu alimshika mkono. "Mama, tutapaka tena. Kijani ile ile. Hata kesho."

"Nani atapaka?" mama akamwuliza. "Mwenye kupaka amelala." Kisha akampigapiga kiganjani, akamhurumia. "Mmehangaika, na daktari anangoja. Twende."

Ndugu yangu akamfungulia mlango wa mbele. Mama akaupita. Alifungua wa nyuma mwenyewe, akainama, akavua viatu, akavipanga kando ya tairi, akaingia peku na kuketi ukingoni mwa kiti bila kuegemea. Niliviokota nikaingia nikakaa naye. Nilitaka kumwambia avae, nikavipakata mapajani.

Tuliteremka. Mama hakuimba hata ubeti. Nilizitazama zile safu za mkonge nikafikiria vitu vyetu, ambavyo nilikuwa nimeulizia gereji juzi yake, nikaambiwa watu wa vyuma vikuukuu walipita na mkokoteni wao. Sina nguvu ya kuvitafuta. Na hata ningevipata, ni nani angejua kila kimoja kinakaa wapi na kilifungwa na nani, akicheka nini? Soko siku hizi linapelekewa kabichi na malori. Baba hayuko, babu hayuko, na seremala naye alihamia kwa mwanawe. Wajukuu wataliona gari hili wataambiwa lilikuwa la babu yao, watalisifu, na kila watakachosifu kitakuwa hakikumhusu. Mambo huisha hivyo, nadhani, si kwa kuvunjwa bali kwa kutengenezwa na mtu anayekupenda.

Jicho liliokolewa, namshukuru Mungu, na mama sasa anaona hata punje ya mchele iliyoanguka. Lakini ninachokiona mimi nikifumba macho ni pale mlangoni pa hospitali, siku ile tuliyofika. Ndugu yangu alizunguka, akafungua mlango, akapiga magoti chini kwenye saruji na suruali yake nzuri, akamvalisha mama viatu, kimoja, halafu cha pili, akavifunga kamba taratibu. Mama alisimama, akajinyoosha gauni. Yeye hutania bila kucheka, kwa hiyo mpaka leo sijui alikuwa anatania au la.

"Asante, baba," akamwambia, kwa adabu ile anayopewa dereva wa watu. "Mwenye gari umsalimie."

Ndugu yangu alibaki amepiga magoti. "Nitamsalimia, mama," akasema.